Jibu: Je, Krismasi ni ya kipagani, tuiache?

Shalom, dada yangu. Umesema mumeo amesikia kwamba 25 Desemba ilikuwa siku ya mungu jua wa Warumi, sasa anataka mti utoke sebuleni na watoto wanalia. Pole sana.

Habari hiyo ina ukweli nusu. Kaisari Aurelian alizindua hekalu la Jua Lisiloshindwa huko Roma mwaka 274. Lakini kalenda ya Kirumi ya mwaka 354 inaweka sikukuu ya jua na kuzaliwa kwa Kristo tarehe hiyohiyo, na wanahistoria bado wanabishana ipi ilitangulia. Saturnalia nayo, sikukuu nyingine ya kipagani ya Warumi, ilianza 17 Desemba, si 25. Mti tunaoujua leo ulienea kutoka kwa Wakristo wa Ujerumani, karne ya 16 hivi.

Hata hivyo usimdharau mumeo. Wapuritani, Wakristo wa Kiprotestanti wenye msimamo mkali, huko Massachusetts, Marekani, walipiga marufuku Krismasi kuanzia 1659 hadi 1681, na walifanya hivyo kwa kumcha Mungu.

Sisi nyumbani ilitusaidia Warumi 14, pale Paulo anaposema wengine huona siku moja ni bora kuliko nyingine na wengine huona zote sawa. Mwenzangu dhamiri ilimsumbua kuhusu mti, basi hatuweki. Ibada tunakwenda, pilau tunapika, na sahani ya kwanza inapelekwa kwa mama mjane jirani yetu. Watoto wanaisubiri safari hiyo ya sahani kuliko zawadi.

Nakusihi, kaeni ninyi wawili kwanza, watoto wakishalala, kabla mtu hajaugusa mti.