Nimeambiwa mshipa mkuu umevimba, ndo nikae tu barazani?

SUALI: Assalaam alaykum. Mie nna miaka 67, mkulima wa karafuu, niko Wete. Nlikwenda kupigwa altrasaundi kwa tatizo la mkojo tu, daktari akaona aota tumboni imevimba, sentimita 3.8, akasema hapasui, nirudi baada ya mwaka. Tokea siku ile silali. Wanangu wamenikataza shamba, wamenikataza meli ya Unguja, hata ndoo ya maji nikishika naambiwa "baba weka chini". Nashinda barazani nimeshika tumbo nasikiliza mapigo. Kwa nini wasipasue wakaimaliza? Na karafuu ndo hizi zinaingia.

JAWABU: Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na hapo pa kushika tumbo roho iliniuma, maana mshipa haujakufanya chochote lakini khofu ishakutoa shamba. Hayo mapigo mtu mwembamba huyasikia hata mshipa ukiwa mzima, usiyahesabu.

Aota ndo mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, na hapo tumboni upana wake kawaida ni kama sentimita 2, ukifika 3 ndo wanasema umevimba, na kwa wanaume upasuaji kwa kawaida huzungumzwa ukifika 5.5. Mdogo kama wako kwa wastani hukua milimita 2 mpaka 3 kwa mwaka. Hilo la kwa nini hawapasui Waingereza walilifanyia utafiti, majibu yakatoka 1998, watu 1,090 wenye uvimbe wa 4 mpaka 5.5, wengine wakapasuliwa mapema wengine wakawa wanapimwa tu, na waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya wenzao. Wako haujafika hata hiyo 4! Daktari hajakutupa mzee wangu, operesheni hiyo ni kubwa na kwa sasa kisu kina hatari kuliko huo uvimbe.

Shamba nenda, tena kwa miguu, asubuhi jua halijawa kali, mwendo wa kuweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Kuchambua makonyo, kuanika, kupindua karafuu kwenye jamvi, yote fanya. Kupanda mkarafuu waachie vijana, na gunia la karafuu mbichi usilinyanyue kabisa, maana mzigo mzito unakubanisha pumzi na presha inaruka ghafla. Ndoo ndogo beba, waambie wanao nimesema mimi. Msalani pia usijikamue, kula papai na mchicha, maji kunywa. Meli panda. Na lile la chumbani, ambalo wazee huniuliza kwa kuzungukazunguka, presha ikiwa imetulia halina tatizo.

Presha ndo kazi yako kubwa sasa. Kama umepewa dawa usiziache kwa kujiona mzima, na papa wa chumvi na ng'onda punguza. Hukuniambia kama unavuta sigara, lakini kama unavuta nakuomba kwa mikono miwili uache leo hii, kwa sababu sigara inaukuza uvimbe haraka na inaongeza hatari ya kupasuka.

Na hili wengi hawalijui kabisa: ukenda duka la dawa ukapewa sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) kwa ajili ya huo mkojo, usimeze kwanza, sema nna uvimbe wa aota. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuwa dawa za jamii hiyo zinaweza kuongeza hatari ya mshipa huu kupasuka, kwa hiyo daktari atafute nyengine kama ipo.

Wanao wasikulinde na ndoo, wajue ishara: maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, jasho baridi, kizunguzungu, kuanguka. Hapo ni hospitali saa ile ile, hata iwe usiku wa manane, hakuna kukanda wala kusubiri kuche. Ndugu zako wa kiume wa tumbo moja nao wamuulize daktari juu ya kupimwa, maana huenda kwa ukoo.

Tarehe ya kipimo kijacho mpe mmoja wa wanao aikumbuke yeye, na wewe jioni kaanue karafuu kabla mvua haijaja.