Kwa unayeanza kazi ofisi ya umma: mtazame msimamizi wako wa kwanza

Nilipoajiriwa masijala, chumba cha kutunzia majalada, katika ofisi moja ya umma hapa Kisumu, niliamini mshahara na pensheni ndivyo vitakavyonituliza. Kisha mshahara ukaanza kuchelewa. Idara ya jirani, wenye malipo sawa na yetu, waliomba uhamisho kila kukicha. Sisi hatukuondoka. Sababu ilikuwa mama aliyetusimamia.

Wiki yangu ya tatu, jalada la mzee mmoja mstaafu lilipotea mikononi mwangu. Mzee alikuwa ametoka Ahero mara mbili, na siku hiyo alikaa kwenye benchi la mlangoni tangu asubuhi, kofia magotini. Nikajua nitaandikiwa barua ya kujieleza. Mama akavua viatu, akapiga magoti nami kwenye rafu za chini, tukafungua jalada moja moja hadi saa kumi na mbili jioni. Tulilikuta limechomekwa ndani ya jalada la mtu mwenye jina linalofanana. Mkurugenzi alipouliza, mama alijibu, "Masijala ni yangu. Limepatikana." Tulipobaki wawili ndipo akanionyesha kosa langu: sikuliandika kwenye daftari la kutolea majalada. Tangu siku hiyo sijaruka mstari hata mmoja.

Robert House, mtaalamu wa masuala ya uongozi, katika nadharia yake ya uongozi ya mwaka 1971, alieleza kwamba kiongozi anayejali watu wake hufaa zaidi pale ambapo kazi yenyewe inachosha. Masijala ni kazi ya namna hiyo: vumbi, joto la alasiri, maswali yale yale.

Lakini usidhani msimamizi mwema ni yule anayekufumbia macho. Wangu alirudisha barua zangu mara tatu, nne, zimejaa wino mwekundu. Na ukikosea, mwambie kabla hajasikia kwa wengine. Hawezi kukutetea kwa jambo asilolijua.

Likizo yako iombe mapema. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku 21 zenye malipo kwa mwaka. Malengo yako ya kazi yajadilini Julai, mwaka wa fedha unapoanza, usingoje tathmini ya Juni.

Ukiangukia kwa mkali asiyesikiliza, weka kila agizo kwa maandishi, ubaki na nakala. Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza afisa wa umma kufutwa au kushushwa cheo bila utaratibu wa sheria. Halafu mtafute mzee wa kazi katika idara yoyote, umuulize unachoogopa kumuuliza mkubwa wako. Mimi nilipewa msimamizi mwema bila kumtafuta. Wengi niliowaona wakidumu walijitafutia wao wenyewe, ghorofa ya pili, saa ya chai.