Maji ya tumbaku kwa shu (kabichi): ni ya asili, lakini ni sumu

Swali limetoka kwa mama mumoja wa Ndosho, hapa Goma: "Niko na jardini kidogo kwa parseli, shu kwa mifuko na tomati pembeni. Majani ya shu inajikunja, ukigeuza chini unakuta vitu vya kijivu sawa unga. Jirani amesema niloweke tumbaku usiku muzima, nichanganye na sabuni ya unga, nipulize. Niweke tumbaku ngapi kwa bidoni ya litri 5?"

Mama, usiweke hata jani moja.

Hii ya tumbaku naulizwa kila saa, na kila mutu anamalizia na neno ileile: "Ni ya asili, haina mubaya." Apana. Kinachouwa mududu ndani ya tumbaku ni nikotini, na nikotini haichagui kati ya mududu na mutu. Inapita hata kwa ngozi: watu wenye kuvuna tumbaku mbichi, majani ikiwa imelowana na umande, wanagonjwa juu ya kuishika tu, kichwa inazunguka, wanatapika. Sasa wewe unaichuja na mikono mitupu, mutoto amesimama pembeni, na hakuna anayejua nguvu yake juu tumbaku ya leo haifanane na ya jana, alafu ile shu unaikata unapika.

Na tomati zako. Tumbaku na tomati ni ndugu, pamoja na pilipili na bilingani. Kuna virusi inaitwa mozaiki ya tumbaku, inakaa muzima hata ndani ya jani lililokauka, na kuloweka usiku muzima haiiuwi. Umetaka kuponya shu, umepelekea tomati ugonjwa usio na dawa, majani inapata mabaka ya kijani na njano, na hapo ni kung'oa tu.

Ile kijivu ni vidukari, wengine wanaita puseroni. Dike anazaa bila dume, anatoa watoto wazima, njo maana leo unaona kumi na wiki ijayo jani limejaa. Shika jani na mukono moja, ponda vidukari na kidole, kisha suuza na maji chini ya jani. Wakibaki, chukua sabuni ya maji ya kuoshea sahani, vijiko viwili vidogo kwa litri moja, jaribu kwanza kwa majani mawili ungoje kesho, shu zingine zinaungua. Puliza jioni, chini ya jani, juu sabuni inauwa tu kile inachogusa, ikishakauka haina kazi, kwa hiyo unarudilia kila siku tano hivi. Ile ya unga ya kufulia acha, inachoma majani.

Mbele ya kupuliza, angalia vizuri. Ukiona kadudu keusi kenye madoa ya orange, karefu, kanatembea sawa mamba mudogo, usikauwe! Ni mutoto wa yule mududu mwekundu wa madoa meusi, na anakula vidukari mamia. Nimeona watu wanamuponda yeye wa kwanza, inaniuma sana.

Na samadi ya kuku, nayo inavuta vidukari. Hapa tunalima juu ya mawe ya volkano, udongo tunaubeba na mifuko, basi mutu anajaza mafi mabichi ili shu ikuwe mbio. Inakua kweli, lakini majani laini njo vidukari wanapenda. Hiyo samadi iache ioze kwanza.

Kinachonikasirisha zaidi ni wale wanaopita sokoni na "dawa ya bio" ndani ya chupa za maji ya kunywa, bila etiketi, bila jina. Ukiwauliza iko nini ndani wanasema "mizizi". Mara nyingine unafungua kifuniko na harufu ya dawa ya kemikali ya kuuwa wadudu inakupiga palepale. Asiyekuambia iko nini, kiasi gani, na ungoje siku ngapi mbele ya kuvuna, usimununulie, hata akiwa shemeji yako. Na kama mutoto alisha kunywa kwa chupa ya namna hiyo, usimutapishe, usimupe maziwa, kimbia naye hospitali na chupa yenyewe mukononi. Dawa ikimumwangikia kwa ngozi, toa nguo, osha na maji mingi na sabuni, palepale.