Nati Iliyonigharimu Mpini wa Baba

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia picha ya msumeno wa mkono wa zamani, mpini umepasuka kutoka tundu la bolti hadi ukingoni. "Kaka, nati zimegoma, nifanyeje?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mwaka 2009 niliufanyia vivyo hivyo msumeno wa marehemu baba.

Ulikuwa Spear & Jackson wa Sheffield, Uingereza. Baba aliununua kwa fundi mzee alipokuwa anajifunza useremala. Alipofariki ukaja kwangu, bamba limeshika kutu. Nikataka ung'ae kabla ya arobaini, ndugu wauone. Ili nilisugue bamba ilibidi kwanza nifungue nati na bolti zinazoushika mpini. Nati zake zilikuwa za mtindo wa kale: zimelala sawasawa na mbao, zina mfereji juu, na ncha ya bolti inachungulia katikati. Nikachukua bisibisi ya kawaida. Ile ncha ya bolti ikaizuia isizame, ikateleza, ikala kingo za mfereji. Shaba ya njano ni laini, ukiikosea mara moja umeiharibu. Kwa hasira nikashika panchi na nyundo. Mpini ukalia ka! Mama alikuwa ukumbini, akasikia. Hakusema neno, na mpaka leo hajawahi kuniuliza.

Tangu hapo nimefungua misumeno zaidi ya thelathini, zikiwemo Disston za Philadelphia, Marekani, na sijapasua mpini mwingine. Nasema hivi kwa fahari, kwa sababu nimeilipia.

Chukua bisibisi pana ya zamani, uibane kwenye jiriwa, kisha kwa tupa chonga pengo katikati ya mdomo wake. Yabaki meno mawili yatakayopita pande zote mbili za bolti. Unene wa meno ujaze mfereji, yasicheze. Nati za Disston za baadaye, zenye kichwa cha mviringo kilichotuna, hazihitaji pengo hilo. Ila mdomo wa bisibisi lazima utoshe.

Nati ikigoma, usiongeze nguvu. Iguse kwa pasi ya fundi redio, ile ya kuyeyushia risasi, kwa dakika moja hivi. Joto linaachanisha uchafu na kutu ya shaba kwenye nyuzi, na mbao haiungui ukiwa makini. Iache ipoe, jaribu, rudia. Mimi kuna moja niliirudia siku tatu.

Wakati mwingine bolti nzima inazunguka pamoja na nati. Chini ya kichwa chake kuna shingo ya mraba inayopaswa kushikwa na mbao, na mbao ikichakaa tundu linalegea na kuiachia. Laza kichwa juu ya kipande cha mpira wa tyubu, kandamiza mpini kwa uzito wako, ndipo uzungushe taratibu.

Subirini, vijana wenzangu. Narudia: subirini. Msumeno umekaa na kutu miaka hamsini, wewe unataka ufunguke kabla ya chai. Tunawarithi wazee vifaa vyao, tunaacha mikono yao mizito na tulivu. Nisingekuwa na haraka ya kusifiwa, mpini ule ungekuwa mzima.

Niliuunga kwa gundi ya mbao na kuubana usiku kucha. Ufa unaonekana, ninaupapasa kwa kidole gumba kila ninapokata.

Na wewe uliyeniandikia, nati mbili zilizobaki usiziguse. Chonga kwanza bisibisi, unitumie picha yake.