Himofilia katika ukoo: mabinti nao wapimwe

Kwetu himofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi inavyopaswa, ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wanaume. Baba alikuwa nayo, mwanangu anayo, na sisi wanawake tulio katikati tukaonekana wazima.

Jeni yenye hitilafu hukaa kwenye kromosomu X, uzi wa urithi ambao baba humpa binti tu. Baba mwenye himofilia humrithisha kila binti yake; wanawe wa kiume haiwafikii kabisa. Mama mwenye jeni hiyo, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo mimi na dada yangu hatukuhitaji kipimo kujua kama tumerithi. Tulichohitaji ni kujua kiwango cha fakta VIII, protini inayosaidia damu kuganda. Kawaida ni kati ya asilimia 50 na 150. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anaweza kuwa na 60, mwingine 25, na huyo wa 25 ana himofilia, ingawa si kali.

Dada yangu aligundulika baada ya kung'oa jino, damu ikachuruzika hadi kesho yake. Dalili zilikuwapo tangu avunje ungo: hedhi ya kupita siku 7, mabonge, upungufu wa damu usioisha. Lakini shangazi zetu nao walikuwa hivyo, basi nani angeshtuka?

Binti apimwe mapema, kabla ya hedhi ya kwanza ikiwezekana, na kabla ya upasuaji wowote. Aspirini na ibuprofeni asizitumie bila ruhusa ya daktari wa damu. Amuulize pia kuhusu vidonge vya asidi ya traneksamiki, vinavyopunguza hedhi nzito.

Ujauzito ndio wenye mtego. Fakta VIII hupanda mimba inapokua, kipimo kikasoma vizuri, kila mtu akatulia. Baada ya kujifungua hushuka, na damu nyingi inaweza kuja hata wiki ya pili, mama akiwa ameshatoka hospitali. Wakunga wajue mapema: mtoto asivutwe kwa kifaa cha kufyonza kichwa, damu ya kitovu ipimwe, na sindano za msuli zisubiri majibu.

Mabinti huniuliza wamwambie mchumba lini. Mimi husema kabla ya mimba. Kabla ya posa ni hiari yake. Na wakwe wakianza kutafuta wa kulaumiwa, wajue kwamba takriban theluthi moja ya wagonjwa hutoka katika familia zisizo na historia yoyote ya himofilia.