Kwa unayeanza kazi ya kusafisha gata hapa Dodoma

Ukiambiwa gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa, imeziba, akili inakimbilia majani. Hapa kwetu majani ni sehemu ndogo. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni kama hakuna, upepo unavuma kutwa, na vumbi jekundu la Nkuhungu na Nzuguni linatua juu ya bati na kukaa. Miarobaini nayo inapukutisha vijani vyake vyembamba, vinajichanganya humo. Uchafu huo ukiwa mkavu unaufagia tu. Ukishalowa na kukauka tena, unaubandua kama plasta. Ndiyo maana kazi hii ifanyike Oktoba, kabla tone la kwanza halijagonga bati. Anayekuita Desemba mhudumie, ila mwambie mapema kwamba utachukua muda zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata kazi Kisasa, kwa mama mmoja mstaafu. Nilipanda, nikachota, nikafagia, gata ikawa safi kabisa. Uchafu kidogo uliobaki niliusukuma kwenye bomba la kushushia maji, nikamwagia kopo moja juu yake, nikashuka. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi mama akanipigia: "Mwanangu, njoo uone." Hakunigombeza. Alinipeleka chumbani, nikakuta jipsamu ya dari imevimba, kipande kimeanguka kitandani, godoro linachuruzika. Ule uchafu ulikuwa umekwama kwenye elbo, ile kona ya bomba, kama mita moja chini ya gata. Maji yalipokosa njia yalijaa, yakapita nyuma ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaoshikilia gata, yakaingia darini. Ile dari niliitengeneza kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo sikunji mpira wa maji kabla sijaona maji yakitoka mwisho wa bomba kwa nguvu ileile yaliyoingia nayo.

Kwa hiyo anza kwa kuziba mdomo wa bomba kwa tambara. Chota uchafu ukiuvuta mbali na bomba, uutie kwenye ndoo uliyoining'iniza kwenye ngazi. Kifaa kizuri kuliko vyote ninavyotumia ni dumu la mafuta ya kula la lita 5 lililokatwa mshazari: linajikunja kufuata umbo la gata na halikwaruzi. Usipande na panga wala koleo. Ukikwangua rangi ya bati, kutu inaanzia hapohapo, na mwenye nyumba ataigundua wewe ukiwa umeshaondoka.

Ukimaliza, ondoa tambara, peleka mpira wa maji mwisho wa gata ulio mbali na bomba, fungulia, kisha tazama kwa utulivu. Maji yakituama mahali, kishikizo kimevunjika au mteremko haupo. Nusu sentimita kwa kila mita inatosha, yaani gata ya mita 10 inashuka sentimita 5. Usipuuze kidimbwi cha vidole viwili, kwa sababu yai la mbu kwenye joto letu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 mpaka 10.

Gata za PVC, yaani za plastiki, zina tabia yake. Kipande cha mita 4 kinaweza kurefuka karibu milimita 7 kati ya baridi ya alfajiri ya Julai na jua la saa nane mchana. Fundi aliyebana viungo bila kuacha nafasi amepanda uvujaji. Ukikuta kiungo kimeachia, usipake silikoni juu ukaondoka. Kifungue, kisafishe, kipange upya.

Sasa hizi nyumba za paa la kuficha, yaani paa lililojificha nyuma ya kuta zilizopandishwa, ambazo Ilazo, Iyumbu na Mtumba zimejaa. Naomba uziheshimu sana. Gata yake iko ndani ya ukuta, juu ya vyumba. Kwenye nyumba ya kawaida gata ikijaa, maji yanamwagika nje na kuchimba msingi, jambo baya lakini linaonekana. Kwenye paa la kuficha yanamwagikia sebuleni. Kila ukipanda, kagua mambo mawili. Kwanza, pale bati linapokutana na ukuta, tafuta ufa kwenye bati la kuzibia au kwenye simenti. Pili, tafuta tundu la dharura ukutani, chini kidogo ya ukingo wa gata, la kutolea maji nje bomba likiziba. Nyumba nyingi nilizopanda halipo. Mshauri mwenye nyumba alitoboe kabla ya Novemba. Na kama amefunga dishi la king'amuzi au tenki huko juu, okota vipande vya nyaya na chenga za chuma walizoacha mafundi, kwa sababu zinaozesha bati.

Ngazi: ukipanda mita 4 kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na juu ipite ukingo wa paa kwa karibu mita nzima. Usiiegemeze kwenye gata. Udongo wetu wa kichanga unatitia, weka ubao chini. Kabla ya kuinua ngazi ya chuma, tazama waya wa umeme unapoingilia nyumba. Halafu gonga gata kwa fimbo usubiri kidogo, manyigu wanapenda pembe zile.

Bei usiitaje kwenye simu. Nenda, pima mita, panda uone. Piga picha kabla na baada, maana wenye nyumba wengi wako Dar au kazini mpaka jioni.

Mwenye tenki mfanyie hesabu mbele yake. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 20, ni lita 2,400 kwa mvua moja, zikipungua kidogo njiani. Ila mvua ya kwanza ya msimu imebeba vumbi la miezi 6 na vinyesi vya ndege, isiingie tenki. Kwenye bomba linalokwenda tenki mwekee kiungo cha kuchomoa, kisha mwonyeshe dada anayeshinda pale nyumbani jinsi ya kukichomoa na kukirudisha, na umwombe ajaribu hivyo wewe ukiwa umesimama pale.