Kuhamisha Stoo Bila Kufunga Duka: Kutoka Kariakoo hadi Tabata

Nimehamisha biashara yangu ya vifaa vya mabomba mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 2018, nilitoka mtaa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, kwenda mtaa wa nyuma yake, umbali ambao mkokoteni unaumaliza kwa dakika 10, na nikapoteza mauzo ya wiki tatu. Mara ya pili, Februari 2023, niliondoka Kariakoo kabisa nikahamia Tabata, na duka halikufungwa hata siku moja. Nikitazama nyuma, naona kwamba kilichoniangusha mara ya kwanza ni jambo moja: hakuna aliyejua kifaa gani kiko wapi isipokuwa mtunza stoo wangu, na mali ilipovuka mtaa, hata yeye hakujua tena.

Jumatatu ya kwanza baada ya kuhama alikuja fundi anayenunua kwangu tangu nianze, akitaka yunioni sita za inchi moja na robo. Tulijua zipo. Tulifungua magunia tisa, tukakuta elbo za nusu inchi, koki, tii, hata bunda la risiti za mwaka uliotangulia, huku fundi ameketi juu ya ndoo ya rangi akitazama saa yake. Mwishowe nilimtuma kijana kwa jirani, akanunua yunioni hizo kwa bei ya rejareja, nami nikamuuzia fundi kwa bei ileile. Wiki ile tulifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba jirani alianza kunipigia simu asubuhi kuniuliza leo nimekosa nini.

Kwa hiyo mwenye jengo aliponiarifu mwishoni mwa 2022 kwamba anataka kulibomoa ajenge ghorofa, na kunipa miezi mitatu, sikuanza kutafuta gari. Nilianza kuhesabu. Wiki sita kabla ya kuhama tulihesabu stoo nzima usiku baada ya kufunga, sehemu moja kila siku, kisha nikaenda Tabata na chaki nikachora sakafuni mahali pa kila rafu na kuipa herufi. Kila gunia na kila boksi liliandikwa kwa kalamu ya wino mzito namba yake na herufi ya rafu linakokwenda, kabla halijagusa gari. Tulikuwa na madaftari mawili yaliyofanana, moja kwa anayepakia Kariakoo na moja kwa anayepokea Tabata, na kila jioni tuliyalinganisha. Mtunza stoo nilimweka upande wa kupokea. Watu wengi humwacha kule mali inakotoka kwa sababu ndiko anakokujua, lakini huko kazi ni kubeba tu. Anakohitajika ni pale kifaa kinapowekwa, ili mikono yake izoee mahali papya.

Utaratibu wa kupakia nao una siri yake. Tulianza na mali iliyolala, ile inayouzwa mara moja kwa miezi miwili au mitatu, tukaiweka nyuma kabisa ya stoo mpya. Vifaa vinavyotoka kila siku, yaani mabomba ya nusu inchi na robo tatu, elbo, tepu za kufungia na gundi, vilibaki Kariakoo hadi usiku wa mwisho, vikaingia Tabata mwisho na kukaa karibu na mlango. Ndiyo maana duka la zamani liliendelea kuuza kama kawaida kwa siku 11 huku nyuma yake pakizidi kuwa peupe. Ukihama unagundua pia kwamba baadhi ya mali haistahili nauli: nilikuwa na koki za aina ambayo mafundi waliacha kuitumia zamani, nikaziuza kwa bei ya kutupa kwa wanunuzi wa shaba chakavu badala ya kuzilipia kuli na gari.

Kuhusu kuli, malipo huamua namna mzigo unavyoshushwa. Mwaka 2018 niliwalipa wote kwa mzigo, wakakimbizana kama ilivyo haki yao, nami nikaokota vipande vya masinki manne ya choo mlangoni. Safari hii mabomba na magunia nililipia kwa mzigo, lakini masinki, mabeseni ya kunawia na vioo nililipia kwa siku, na vilisafiri kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mchana, vichache vichache, vikiwa vimewekewa maboksi bapa katikati. Lori la Fuso lilifanya kazi usiku peke yake, kwa kuwa mchana katika mitaa ile halipati hata pa kusimama.

Februari niliichagua kwa makusudi. Wanaouza vifaa vya ujenzi hushawishika kuhama wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu ujenzi hupungua. Lakini ndipo barabara ya Jangwani, kwenye Bonde la Msimbazi, hujaa maji na gari lenye mzigo wako hulala barabarani. Januari wateja wamekamuliwa na ada za shule, na athari yake hufika hadi Februari, hivyo mauzo huwa madogo na barabara bado kavu. Ukienda kukagua ghala, hasa maeneo yaliyo karibu na Bonde la Msimbazi, tazama kuta kwa chini: mstari wa tope hausemi uongo, hata kama dalali ana maelezo mazuri.

Makaratasi yaanze kabla ya chaki. Leseni ya biashara hutolewa kwa mahali maalumu, kwa hiyo ya Kariakoo haikulindi Tabata, ingawa kote huko ni chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Ukihamia Temeke au Ubungo, unabadilisha na halmashauri yenyewe. TRA, mamlaka ya mapato, nao wanapaswa kujua, kwa sababu taarifa za TIN (namba ya mlipakodi) na za mashine ya EFD ya kutolea risiti zinabeba anwani yako, na Kariakoo ni mkoa wa kikodi unaojitegemea, hivyo jalada lako litahama ofisi. Kwenye mkataba mpya wa pango kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 10, unayoikata kwenye pango na kuipeleka TRA: ukimlipa mwenye jengo pango lote bila kuizuia, TRA watakudai wewe mpangaji. Uliza pia kuhusu mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, kwa kuwa kodi ya majengo hukatwa humo tangu 2021, na mita iliyokaa miezi bila kununuliwa umeme itakukata malimbikizo siku ya kwanza. Bima ya moto huandikwa kwa jengo lililotajwa. Baada ya Soko Kuu la Kariakoo kuungua Julai 10, 2021, niliacha kulichukulia jambo hilo kwa mzaha, na nilihakikisha majengo yote mawili yametajwa kwa mwezi mzima wa kuhama. Mwezi huo nililipa pango mara mbili. Gharama hiyo iliniuma, lakini ilikuwa ndogo kuliko hasara ya wiki moja tu ya 2018.

Wateja ndio waliohitaji muda mrefu zaidi. Tangazo kwenye shata halitoshi Kariakoo, maana mteja hafiki kulisoma: winga, dalali wa mtaani, anamdaka pembeni, anamwambia, "Hao wamefunga siku nyingi, kaka, twende nikupeleke kwingine." Nilizungumza na mwanamke anayeuza vifaa vya umeme jirani na mlango wangu wa zamani, akanipangisha nafasi ya meza moja mbele ya fremu yake. Nikamweka hapo kijana wangu akiwa na simu, ubao wenye sampuli zilizofungwa kwa waya, na guta la kukodi linalosubiri upande wa pili wa barabara. Fundi akitaja anachotaka, oda inakwenda Tabata kwa simu, na mzigo unapelekwa anakofanyia kazi. Wateja wa mikoani niliwapigia mmoja mmoja, nikawaahidi kwamba mizigo yao itaendelea kupelekwa kwenye ofisi zilezile za usafirishaji walizozizoea, kwa gharama yangu, hadi mwisho wa Juni.

Kijana alikaa pale wiki 10. Kila Jumamosi alinipa hesabu ya waliofika mezani kwake na wale aliowaelekeza wakafika Tabata wenyewe. Katika wiki ya tisa waliofika mezani walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kumsalimia, kwa hiyo wiki iliyofuata tulirudisha meza.